Meza ya Watu 12

Mwaka 1930 Edward Harkness, mrithi wa utajiri wa mafuta, aliamua kuipa mamilioni ya dola Phillips Exeter Academy, shule binafsi ya bweni na kutwa huko New Hampshire, Marekani. Lakini alitaka ufundishaji ugeuzwe kabisa. Pendekezo la kwanza la shule alilikataa, kwa kuwa aliona halibadilishi jambo la maana. Alichokitaka ni mwanafunzi wa kawaida, hata yule anayejikongoja, aketi meza moja na wenzake na mwalimu, apate ujasiri wa kusema amekwama wapi.

Ndipo ikaja meza ya mbao yenye umbo la yai, inayokaliwa na wanafunzi wapatao 12 pamoja na mwalimu. Umbo hilo lina sababu. Kwenye meza ya mstatili, anayeketi kichwani huwa mkubwa wa kikao, na walio ubavu mmoja hawaonani nyuso. Meza ya duara kwa idadi hiyo ingeacha uwanja mtupu katikati. Chini ya ukingo kuna vibao vya kuvuta. Siku ya mtihani kila mmoja huvuta chake akaandikia hapo.

Kipindi cha Kiingereza huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa kusoma. Tuseme zamu ni ya *Macbeth*, tamthilia ya Shakespeare, tendo la pili. Mwalimu hahutubii. Anaweza kuuliza jambo moja tu: kwa nini mauaji ya Mfalme Duncan hatuonyeshwi jukwaani? Mmoja akijibu kwamba mikono ya muuaji yenye damu inatosha kutisha, mwenzake atamtaka aonyeshe mstari. Kurasa zinafunuliwa. Mwingine anakumbuka sauti: bundi analia, mlango unagongwa. Sarufi, msamiati na hoja vyote vinafanya kazi kwa pamoja, maana asiyeeleweka huulizwa papo hapo.

Muda huo mwalimu anaweza kuwa anachora. Anaandika majina kuzunguka duara, kisha anavuta mstari kila neno linapotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kengele ikilia, karatasi inaonyesha nani ametawala mazungumzo na nani hakufungua kinywa. Mistari mingi ikielekea kwa mwalimu, hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote: wanafunzi bado wanasubiri kibali chake.

Somo la Kiingereza haliishii mezani: katika mwaka wa mwisho wanafunzi huandika insha ndefu kuhusu maisha yao, na baadhi huzisoma mbele ya jumuiya ya shule.

Wageni husifia meza. Siri kubwa, hata hivyo, ni walimu. Darasa la wanafunzi 48 likigawanywa kwa 12 linahitaji walimu wanne, na ndiyo maana fedha za Harkness zililipia pia walimu wapya. Shule nyingi za Afrika Mashariki hazina uwezo huo, na ni kuwaonea walimu wake kuwadai matokeo yaleyale.

Ile ramani ya mistari ya mazungumzo, lakini, haihitaji mfadhili. Wanafunzi 12 wanaweza kuketi katikati wakajadili shairi kwa dakika 15, huku wenzao wakiwazunguka na kila mmoja akichora mistari kwenye daftari lake. Kisha wanabadilishana nafasi, na waliokuwa kimya katikati wanapewa neno la kwanza duru inayofuata.