Uhakiki wa Safu-njia: Nguzo za Taa Katika Mchoro wa Barabara

Aliyewahi kupanga nguzo za taa kwenye mchoro wa barabara anaijua safu iliyogoma: nguzo zinaishia katikati, mikono ya taa inatazama mashamba badala ya lami, au mstari mzima unasimama mbali na barabara. Mimi siiti hali hiyo hitilafu ya programu. Amri ya safu-njia, iliyoingia AutoCAD katika toleo la 2012, imejengwa kwa viambajengo vitatu, yaani njia, kitu kinachorudiwa na kanuni ya nafasi. Na safu iliyoharibika, ikisomwa kwa subira, hueleza yenyewe ni kiambajengo kipi kilichoandikwa vibaya.

Tuchukue kipande cha barabara ya Maswa–Bariadi–Lamadi kinachoingia mjini Bariadi, tukikadirie kuwa na urefu wa mita 1,000. Nguzo zikikoma ghafla mwanzoni mwa kona, njia haijawa njia moja: ni mistari na matao yaliyogusana tu, nayo amri hupokea kimoja. Huunganishwa kuwa polilaini, ila vipande vilivyotoka kwa wapima ardhi vikiwa na vimo tofauti hukataa kuungana hadi visawazishwe.

Penye utajiri zaidi ni mwelekeo. Kila nguzo hugeuka kufuata tanjenti ya njia mahali inaposimama, kwa hiyo umbo la njia husomeka katika mkono wa kila taa. Kona iliyochorwa kwa tao halisi huigeuza mikono taratibu, kila mmoja ukichukua zamu yake. Kona iliyofuatishwa kwa vijistari vingi vifupi, kama zilivyo nyingi zinazotokana na alama za GPS, huonekana laini kwa jicho la mbali, lakini nguzo huufichua uongo wake: kila moja hutii kijistari ilichoangukia, na mikono ikayumba huku na huku. Mchoraji huhangaika na nguzo ilhali kosa liko chini yake. Mikono yote ikiwa imekosea kwa pembe ileile, hapo njia haina lawama. Kinachohitajika ni kutaja upya mwelekeo wa tanjenti wa kitu chenyewe. Na safu nzima ikiwa imehama kwa umbali uleule, nukta msingi haikuwekwa kwenye shina la nguzo. Kosa linalofanana kila mahali ni la kitu; linalobadilika mahali kwa mahali ni la njia.

Kanuni ya nafasi ina mitindo miwili, na kuichanganya huzaa malalamiko yasiyo na msingi. Kupima hushika umbali: kwa mita 35, kipande chetu hupata nguzo 29, na mita 20 za mwisho hubaki bila kitu. Kugawa hushika idadi: nguzo 30 hukaa kwa nafasi 29 za takriban mita 34.48, na ncha zote mbili hupata taa. Kwenye njia iliyofungwa, mfano uzio wa viwanja vya maonyesho vya Nyakabindi, nguzo 30 zina nafasi 30. Aidha, umbali huhesabiwa kwa kufuata njia: kwenye tao la nusukipenyo cha mita 50, nguzo zilizoachana mita 35 zitapimwa mita 34.29 kwa mstari ulionyooka. Hiyo ni tofauti halali, wala haistahili kusahihishwa.

Kwa mji, napendelea kugawa, kwa kuwa mwanzo na mwisho wa barabara yenye taa unapaswa kuonekana umekusudiwa. Kwa barabara ndefu ya nje, kupima kunamsaidia zaidi fundi anayechimba mashimo.

Kinachonisikitisha ni desturi ya kuivunja safu mara tu inapokosea, kisha kuzisogeza nguzo moja moja kwa mkono. Mchoro hupendeza siku hiyo, lakini uhusiano wa nguzo na njia umekufa: mhandisi akihamisha mstari wa kati kwa mita mbili, taa zitabaki zilipokuwa. Basi, ndugu mchoraji, kabla ya kuivunja safu yako, ibofye njia iliyo chini yake uone kama ni moja, kisha uhesabu vipande vinavyounda kona zake.