Fundi Asiye na Haraka na Spana

Barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu haifichi ubovu wa gari. Moshi mjini ni mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari, na lango la hifadhi pale Marangu limepita mita 1,800. Katikati ni mwinuko, kona, na mwinuko tena. Noah za abiria huanza kupanda alfajiri, watu wamebanana, mikungu ya ndizi iko kwenye keria. Gari la gia oto lenye kasoro linaweza kuzunguka mjini, kutoka stendi hadi Majengo, muda mrefu bila mwenyewe kushtuka. Likipelekwa mlimani, linajitangaza.

Likishajitangaza, hukumu hutoka upesi: "Gia boksi imekufa, tafuta nyingine." Mara nyingi anayetamka maneno hayo hajachomoa hata kijiti cha kupimia oili. Ndiyo maana ninamheshimu sana fundi mmoja wa huku mlimani ambaye hana gereji wala kibao barabarani. Anakuja nyumbani kwako na mfuko wa spana, jeki, na daftari la kurasa zilizolowa oili, anafanya kazi uani pembeni ya migomba. Alipoitwa kuiona Noah ya jirani yetu, mama anayepeleka ndizi soko la Kiboriloni, siku ya kwanza alimaliza bila kulegeza nati hata moja.

Alianza na maswali.

"Shikamoo, mama. Inasumbua ikiwa ya baridi au ikishapata moto?"

"Marahaba, baba. Ikishapata moto. Nikifika kwenye mlima inavuma tu, haiendi."

"Gia ya kwanza inaondoka vizuri?"

"Inaondoka vizuri kabisa. Inaanza kuvuma ikishachanganya mwendo."

"Na rivasi?"

"Naweka, nasubiri, halafu inanishtua."

Aliyaandika yote kwa maneno ya mama mwenyewe, bila kuyatafsiri kwa lugha ya gereji. Baadaye niliona kwa nini: ndani ya majibu yale matatu ugonjwa ulikuwa umeshatajwa, ila kulikuwa na mengine ya kuondoa njiani kwanza.

La kwanza ni oili, au haidroliki, kama wengi wanavyoiita. Toyota za umri wa Noah ile hupimwa gari likiwa limepata moto na injini inanguruma. Unapitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L na kuurudisha P, ndipo unachomoa kijiti. Ukipima injini imezimwa, unajidanganya. Alikifuta kwenye karatasi nyeupe, si kwenye kitambaa, kwa kuwa karatasi inaonyesha rangi na inaacha chembe wazi. Oili ilitakiwa kuwa nyekundu. Ilikuwa kahawia, ina harufu ya kuungua, na vumbi jeusi laini lilibaki kwenye nyuzi za karatasi. Maji hayakuwemo. Maji ya radieta yakipenya kwenye oili huipausha ikawa ya waridi yenye ukungu, na hapo kesi ingekuwa nyingine.

La pili ni kebo inayotoka kwenye throto ya injini kwenda gia boksi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kebo hii ndiyo inayoiambia gia boksi dereva amekanyaga kiasi gani, ili presha ya oili ipande. Ikilegea, presha inakuwa ndogo, klachi zinateleza na kuungua, na mwenye gari ananunua gia boksi nzima kwa sababu ya marekebisho ya dakika kumi. Kuna kidude kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya. Pedeli ikikanyagwa hadi mwisho, kidude hicho kinapaswa kuwa kati ya milimita 0 na 1 kutoka kwenye mdomo wa mpira wake. Alinikalisha nyuma ya usukani nikanyage, yeye akainama na rula. Kebo ilikuwa sawa.

La tatu ni umeme. Hakuwa na mashine ya kupimia. Alichukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwenye kiboksi cha ukaguzi, akawasha swichi bila kuwasha injini, akakaa kuiangalia taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Taa hiyo inasema kwa kupepesa: sita, kituo, halafu mbili, ni namba 62, solenoidi ya kwanza, 63 ni ya pili, 42 ni sensa ya mwendo. Ikipepesa mfululizo bila kituo, umeme hauna lawama. Ilipepesa mfululizo. Fundi hakuamini mara moja; aliiangalia muda mrefu, midomo ikihesabu.

Hapo ndipo alipotoka na gari barabarani, na hapo ndipo ninapoona ukubwa wa ufundi wake. Ndani ya gia boksi ya oto hakuna gia inayosogezwa kwenda kukutana na nyingine. Gia zote zimeshikana muda wote: moja katikati kama jua, nyingine zikiizunguka, na pete ya nje imezizingira. Mwendo hubadilika kwa kuamua ipi izuiwe na ipi iachwe izunguke, na wazuiaji ni klachi na breki zinazobanwa na presha ya oili. Anayegawa presha hiyo ni valvu bodi. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu ameona mifongo: maji ya mto yanatekwa juu msituni, yanapitishwa kwenye kingo, huku yanafunguliwa, kule yanazibwa, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kwa zamu yake. Valvu bodi ni mfongo uliokunjwa ndani ya kipande cha aluminiamu, na solenoidi ndizo zenye zamu ya kufungua na kuziba.

Kwa hiyo swali la fundi barabarani halikuwa "inateleza?" Hilo mama alishalijibu. Swali lilikuwa inateleza wapi, na wapi haitelezi. Gia ya kwanza ilishika. Ya pili ilishika. Ya tatu, injini ilipanda sauti na gari likabaki nyuma. Kwenye mteremko aliweka L, na gari likajizuia lenyewe kwa injini, vizuri. Nyumbani tukaweka kabari kwenye tairi zote, akavuta breki ya mkono, akakanyaga breki hadi mwisho, akaweka D na kukanyaga mafuta yote huku akiangalia mshale wa mizunguko. Kipimo hiki hakizidi sekunde 5, kwa maana nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya tokikonveta, tungi la oili kati ya injini na gia boksi. Mshale ulisimama pale unapotakiwa. Injini ikaachwa ipoe, kisha akarudia kwenye rivasi. Mshale ukapitiliza. Akapima pia muda wa kushika kwa saa ya simu: kutoka N kwenda D haitakiwi kufika sekunde 1.2, kwenda R haitakiwi kufika 1.5. D ilikuwa ndani ya kipimo, R ilichelewa waziwazi.

Akachora jedwali kwenye daftari. Klachi ya C1 inafanya kazi kwenye gia zote za mbele, na za mbele zinaondoka vizuri, kwa hiyo ni nzima. Breki inayotumika kwenye L hutumika pia kwenye rivasi, na L inazuia vizuri, kwa hiyo nayo ni nzima. Kitu kimoja kinahitajika kwenye gia ya tatu na kwenye rivasi pia: klachi ya C2. Akaizungushia duara. Hakuna alichokuwa amefungua.

Mama alichagua kubadilisha gia boksi nzima badala ya kuitengeneza, na fundi alikubaliana naye. Kubadilisha klachi ndani kunataka chumba kisicho na vumbi, na uani kwetu ni udongo mwekundu. Iliagizwa ya mtumba kutoka Dar es Salaam, lakini kwanza fundi alinakili namba za gia boksi kutoka kwenye kibati cha gari, akapiga picha soketi za umeme, akakataza isinunuliwe kwa kuangalia umbo la nje. Ilipofika aliifungua sampo. Kwenye sumaku za chini kulikuwa na tope la kijivu, laini kati ya vidole, hilo ni la uzee wa kawaida. Angekuta vipande vya chuma vinavyokwaruza, angeirudisha.

Kushusha ni kazi ya mabavu na nitaipita haraka. Noah ile ina injini chini ya viti vya mbele na propela inayokwenda nyuma, kwa hiyo gia boksi inatokea chini. Gari lilikalia magogo ya mgrevilea yaliyokatwa sawasawa, na fundi hakumruhusu kijana yeyote aliyemsaidia kuingia chini likiwa juu ya jeki peke yake. Propela iliwekwa alama ya rangi kabla ya kufunguliwa ili irudi pale pale.

Kurudisha ndiko kunakotaka utulivu. Tokikonveta, lile tungi zito la chuma lililojaa oili, inaingia kwenye pua ya gia boksi kwa hatua tatu: inaukamata mhimili mmoja, kisha wa pili, kisha masikio ya pampu. Anayekosa subira hufika hatua ya pili, akaona imekaa, akapandisha gia boksi na kuivuta kwa boliti hadi igusane na injini. Pampu inavunjika hapo hapo, kabla gari halijawashwa. Fundi wetu alipiga magoti, akaizungusha kwa viganja huku akiisukuma kidogo. Ikadondoka mara moja. Akaendelea. Ikadondoka tena. Akaendelea, na vijana wakaanza kutazamana, hadi mdondoko wa tatu, mdogo, ambao mimi niliusikia kuliko kuuona. Bado akalaza rula ya chuma kwenye mdomo wa gia boksi, akapima kina, akalinganisha na namba aliyoiandika wakati wa kushusha.

Gia boksi ilipokaa uso kwa uso na injini, akaingiza kidole kwenye kidirisha cha chini na kuizungusha tokikonveta. Ilizunguka bure, ina mwanya mdogo kabla ya kugusa sahani ya injini. Ndipo akafunga boliti zake, moja baada ya nyingine, kijana akizungusha injini kwa spana kutoka mbele kila moja ijitokeze kidirishani.

Kabla ya kuunganisha mabomba ya kupoza oili aliyasafisha pamoja na njia yake ndani ya radieta, hadi kinachotoka kikawa safi. Uchafu wa gia boksi iliyokufa hukaa humo ukisubiri mpya. Oili mpya ilimiminwa kidogo kidogo, injini ikiwaka, gia zikipitishwa, kijiti kikichomolewa na kufutwa tena na tena. Rivasi ilishika papo hapo. Mama akapanda hadi Marangu Mtoni na kurudi, na gia ya tatu haikuvuma.

Jioni fundi aliifungua ile ya zamani juu ya gunia, bila kuombwa na bila kulipwa. Sahani za C1 bado zilikuwa na bitana yake. Za C2 zilikuwa nyeusi, zimeungua hadi chuma, na mpira wa pistoni yake umekakamaa na kulika ukingoni. Oili ikiwa nzito asubuhi ilizuilika pale. Ikipata moto mlimani ikawa nyepesi na kupita, presha ikashuka, sahani zikateleza. Akaukunja mpira ule kwa kidole gumba, ukapasuka, akampa kijana auweke kwenye mfuko wa daftari.