Heko, Kelly Reichardt

Mwongozaji huyu wa Marekani anastahili pongezi kwa kuwapa watu wasio na jina filamu nzima. Katika Wendy and Lucy (2008), msichana anayeelekea Alaska kutafuta kazi anaharibikiwa na gari huko Oregon, kisha anampoteza mbwa wake. Kisa chenyewe ndicho hicho. Lakini mtazame yule mlinzi mzee anayemwazima simu, halafu siku nyingine anamshindilia noti chache mkononi, naye mwenyewe si mtu wa kitu! Wengi wangemwaga muziki hapo ili tulie. Reichardt, ambaye huhariri filamu zake mwenyewe, anatuachia magari na treni. Old Joy (2006) nayo: marafiki wawili msituni, urafiki ukififia bila ugomvi wowote. Subira hiyo naihusudu.