Rizista Mwisho wa Waya

Ukitaka kumpima fundi wa king'ora cha wezi, achana na honi kubwa aliyoifunga ukutani. Mwombe afungue sensa iliyo mbali kabisa na sanduku la paneli, ile ya stoo ya nyuma, kisha uchungulie ndani kama kuna rizista. Ni kidude cha bei ndogo sana, chenye mistari ya rangi. Kwa paneli ya DSC PC1832 mistari hiyo huwa kijani, bluu na nyekundu, yaani omu 5,600. Ukikikuta pale, king'ora hicho kimefungwa na mtu anayeijua kazi yake.

Paneli haimwoni mwizi. Haiuoni hata mlango. Kila zoni, yaani kila sehemu inayolindwa, huishia kwenye skrubu mbili, na kazi ya paneli ni kupima upinzani wa waya uliofungwa hapo, usiku na mchana. Dirisha, mlango, mtu anayepita ukumbini, vyote lazima kwanza vigeuzwe kuwa upinzani. Ufundi uko katika kugeuza huko, na ulichukua muda kukomaa. Mwaka 1853 Augustus Russell Pope alipata hataza huko Marekani kwa kengele ya umeme ya milango na madirisha: mlango ukifunguka, mzunguko unakamilika na nyundo inagonga. Fikra nzuri, ila ina pengo: waya ukikatwa, kengele haina tena cha kuiamsha. Dawa ikawa kugeuza mambo, umeme uzunguke muda wote na kukatika kwake kuwe ndiyo ishara. Hapo nako mjanja akapata njia. Anaugusanisha waya na mwenzake kabla hajaufikia mlango, na paneli inaendelea kuamini kwamba yote ni salama.

Rizista ndiyo iliyoliziba tundu hilo, na mpango wa rizista mbili kwa kila sensa ndio ninaouhusudu zaidi. Sensa ikitulia, paneli inasoma omu 5,600. Mtu akipita, swichi ya sensa inaachia na umeme unalazimika kupitia rizista ya pili: 11,200. Waya ukikatwa, au kifuniko cha sensa kikifunguliwa, njia haipo kabisa. Ukigusanishwa, ni sifuri. Waya mbili zinabeba habari nne, bila kompyuta yoyote kule mwisho. Nimeuchora mpango huu kwenye karatasi mara nyingi, na kila mara unanifurahisha upya.

Ndiyo maana naumia nikifungua sanduku na kukuta rizista zote zimepangwa ndani yake. Fundi amefanya hivyo kwa sababu ni rahisi: hapandi ngazi, hafungui sensa, na paneli inawasha taa ya kijani vilevile. Lakini sasa rizista inajilinda yenyewe tu. Waya wote kutoka sandukuni hadi stoo unaweza kugusanishwa popote, na paneli itasoma 5,600 hadi asubuhi.

Waya zikishakaa sawa, linakuja swali la kila zoni iwe ya aina gani, na hili halijibiwi kwa bisibisi. Mlango wa mbele unapewa muda, sekunde 30 au zaidi, ili mwenye nyumba afike kwenye kibao cha namba. Ukumbi anaoupita kwenda kwenye kibao hicho hupewa aina inayofuata mlango: kama mlango ndio uliotangulia kufunguka, sensa ya ukumbi inasubiri, kama mtu ametokea kwingine, inalia papo hapo. Dirisha halisubiri mtu. Fundi mzuri huuliza maswali kabla hajaandika namba yoyote. Nani huamka alfajiri kwenda kuswali? Dada wa kazi hupitia mlango upi? Paka analala wapi? Katika duka, kitufe cha dharura chini ya kaunta huwekwa kwenye zoni ya saa 24 isiyo na mlio, maana aliyeshika silaha hafai kushtuliwa. Ishara iende kwa walinzi kimyakimya. Uzio wa umeme, ambao Nairobi umekuwa jambo la kawaida, nao una haki ya zoni yake peke yake, na waya wake wa ishara ukae mbali na nyaya zinazobeba maelfu ya volti.

Upande wa kutoa amri unasahaulika mno. PC1832 ina matundu mawili madogo ya kutolea amri: la kwanza linabeba miliampia 50, la pili 300. Hizo hazitoshi kuwasha taa za uani, kwa hiyo amri hupitia relei, yaani swichi inayoendeshwa na koili, na dayodi hufungwa kinyumenyume juu ya koili yake, kwa kuwa koili inapoachia hurudisha msukumo wa umeme unaoweza kuua paneli. Kinachonivutia ni kwamba hata waya wa honi unasikilizwa. Ukiondoa honi, paneli italalamika mpaka uweke rizista ya omu 1,000 mahali pake. Anayekata waya wa honi kwanza, akidhani ameinyamazisha nyumba, amejitangaza.

Mwisho ni majaribio. Fundi anatembea chumba kwa chumba, anachomoa waya makusudi, anagusanisha mwingine, huku mwenzake akisoma kibao. Kisha, na hapa wengi huwa wameshakunja vifaa vyao, anapima kila zoni kwa mita na kuandika namba kwenye karatasi anayoibandika nyuma ya mlango wa sanduku: zoni ya tatu, dirisha la jikoni, 5,640. Mombasa au Tanga, ambako chumvi ya bahari hula maungio ya waya, karatasi hiyo ina thamani kubwa. Akirudi baada ya masika akakuta zoni ileile inasoma 6,300, hahitaji kusubiri honi ilie usiku bila sababu. Anakwenda moja kwa moja jikoni, anakata ungio lililoota kutu, na kulichomea upya kwa risasi.