Toronado ya Jay Leno na Kosa la Kuhamishia Nguvu Nyuma

Wengi wenu mmeitazama Oldsmobile Toronado ya 1966 ya Jay Leno, ile iliyofufuliwa katika gereji yake ya Burbank, California, kwa msaada wa General Motors. Namba zake mnazijua: V8 ya alumini, turbo mbili, nguvu farasi 1,070. Na mnajua nguvu hiyo imepelekwa wapi. Imepelekwa nyuma. Hapo ndipo ninapogoma, na nimegoma tangu siku ya kwanza nilipoliona gari hilo likichoma matairi ya nyuma huku watu wakishangilia.

Ingekuwa Chevrolet, Ford au Dodge ya mwaka huohuo, nisingekuwa na neno. Zote zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tangu kiwandani. Lakini Toronado ilitengenezwa kwa sababu moja tu: kuvutwa na magurudumu ya mbele. Tangu Cord 812 ilipokoma mwaka 1937, hapakuwa na kampuni ya Marekani iliyothubutu kuuza gari la namna hiyo. Karibu miaka 30 ilipita. Kisha Oldsmobile, chini ya wahandisi wa kizazi cha John Beltz, wakachukua injini ya inchi za ujazo 425, yaani lita 7, yenye nguvu farasi 385, wakaielekeza mbele. Wakati huo magari ya kuvuta mbele yaliyokuwa barabarani Ulaya yalikuwa na injini ndogo, na wengi waliamini kwamba injini kubwa hivyo ingemnyang'anya dereva usukani.

Tazama walivyolitatua jambo hilo, maana ndilo linalotupwa jalalani mtu anapofanya alichofanya Leno. Giaboksi ya otomatiki waliikata vipande viwili. Toki konveta ikabaki mahali pake, nyuma ya injini. Giaboksi yenyewe ikageuzwa ikalazwa ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, ikitazama mbele. Kati ya viwili hivyo wakaweka mnyororo mpana wa Hy-Vo, uliovutwa kiwandani kabla ya kufungwa ili usilegee baadaye, kwa hiyo hakuna kikaza mnyororo cha kuchakaa. Difu ikakaa mbele, na shafti ya gurudumu la kulia ikapita chini ya injini. Mtambo wote huo ukapandishwa kwenye chasisi fupi inayoishia kabla ya springi za nyuma. Nyuma hakuna kitu isipokuwa ekseli tupu na springi za jani moja moja. Ndani, sakafu ni tambarare kutoka mlango hadi mlango, na abiria wa katikati anaweka miguu yake bila kupanua magoti. Jarida la Motor Trend lililipa gari hilo taji la gari la mwaka 1966, na sababu kubwa ni huo mtambo.

Sasa hesabu kinachotakiwa ili gari hilo lisukumwe na magurudumu ya nyuma. Mnyororo unatoka. Giaboksi inatoka. Difu ya mbele na shafti zake mbili zinatoka. Propela inahitaji njia, na njia hiyo lazima ipatikane mahali ambapo wahandisi wa Oldsmobile walijitahidi isiwepo. Ekseli tupu ya nyuma haifai tena, kwa hiyo panafungwa sehemu za Corvette C5, chini ya bodi iliyochorwa na David North. Ukimaliza, kilichobaki ni ganda la Toronado. Ganda zuri mno, nakubali, lakini kwa upande wa ufundi ni gari jingine.

Utetezi wake naujua, nimeusikia kwa kila anayempenda Leno: nguvu farasi 1,070 haziwezi kupita kwenye magurudumu ya mbele. Ni kweli kabisa. Gari likiongeza mwendo, uzito unahamia nyuma, matairi ya mbele yanapungukiwa na mshiko wakati uleule yanapodaiwa kuvuta na kukata kona kwa pamoja. Lakini utetezi huo unathibitisha kosa. Namba ilichaguliwa kwanza, gari likalazimishwa kuifuata. Fundi anayefufua gari huanza na gari lenyewe: linaweza kubeba nini, lilifanywa liweje, kisha ndipo anatafuta nguvu inayolingana nalo. Toronado ya kiwandani ilifika maili 60 kwa saa katika sekunde 7 na nusu hivi, ikiwa na uzito wa takribani tani 2. Hilo halikuwa gari goigoi la kuonewa huruma.

Na tusisingizie kwamba mtambo wa mbele ulikuwa dhaifu. Mwaka huohuo wa 1966 watu wa kampuni ya Hurst walitengeneza Hairy Olds, Oldsmobile 442 iliyofungwa mitambo miwili mizima ya Toronado, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila injini na supachaja yake. Joe Schubeck aliiendesha kwenye viwanja vya mbio huku matairi yote manne yakitoa moshi. Wale walikuwa watu wa vituko, walitaka kujaza viwanja. Hata hivyo walielewa Toronado ni nini: walipotaka nguvu zaidi waliongeza mtambo wa pili, hawakuung'oa wa kwanza. Kisha General Motors ilichukua mtambo uleule ikaufunga kwenye nyumba ya magurudumu ya GMC, iliyouzwa kuanzia 1973 hadi 1978, gari lenye uzito wa zaidi ya tani 4 likijaa familia na maji na vyombo. Mnyororo ule ulivuta nyumba nzima juu ya milima ya Colorado. Schubeck na watu wa GMC waliuheshimu. Gereji yenye kila mashine ya kuchonga vyuma haikuona njia ya kuuhifadhi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Leno anajua. Huyu si mgeni wa mambo haya. Magari yake ya mvuke, Stanley na Doble, anayatunza kwa subira ambayo mafundi wachache wanayo. Na Buick Roadmaster yake ya 1955, aliyoinunua kwa dola 350 mwaka 1972, aliibadilisha bila kuivunjia heshima: aliipa injini kubwa ya inchi za ujazo 572, lakini Buick ile ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tangu ilipozaliwa na bado inasukumwa hivyo. Kimeongezeka kiasi tu. Kwenye Toronado, bodi imeachwa ilivyo na kazi yake ni safi, lakini kilichobadilishwa ni asili ya gari lenyewe.

Madhara hayaishii Burbank. Vipindi vya televisheni vimeshawazoesha watu kwamba gari la miaka 50 linaweza kuvunjwa na kuunganishwa upya kwa wiki moja, mwenyewe akafumbuliwa macho akalia mbele ya kamera. Haraka hiyo ndiyo iliyofanya injini ya LS ya General Motors iwe jibu la kila swali. Mtu ananunua gari, hajapima hata mgandamizo wa silinda moja, tayari ameagiza LS. Huku kwetu fundi anayefunga injini ya Toyota kwenye Land Rover ana sababu: spea za injini ya zamani hazipatikani au bei yake haishikiki, na mwenye gari anataka kufika shambani. Simlaumu hata kidogo. Lakini mtu aliyeko Ohio au Texas, mwenye injini nzima ya 425 ndani ya gari na wauza spea wanaomtumia vifurushi mlangoni, hana shida hiyo. Anaiga tu.

Na kazi ya Toronado inawezekana kabisa nyumbani, kwa mtu mwenye winchi, stendi imara na subira. Aanze na breki, maana hapo ndipo kiwanda kilipokosea kweli: gari la 1966 lilikuja na breki za dramu magurudumu yote manne, na kwa uzito ule zilipata joto zikapoteza nguvu upesi. Mwaka 1967 Oldsmobile yenyewe ilianza kutoa diski za mbele kwa anayezitaka, kwa hiyo kufunga diski ni kulikamilisha gari kwa njia ya waliolitengeneza. Matairi ya radiali yafungwe badala ya yale ya zamani. Mabuti ya mpira ya shafti za mbele yabadilishwe yote hata kama yanaonekana mazima, kwani grisi ikivuja na mchanga ukaingia, shafti imekwisha. Mipira ya vakyumu inayoinua taa za mbele hukauka na kupasuka. Ndiyo maana Toronado nyingi zinaonekana zimefumba jicho moja. Kabureta ya Rochester ifunguliwe, isafishwe, irudishwe mahali pake. Ndipo injini ifuatwe, na uwiano wake wa mgandamizo, 10.5 kwa 1, unadai petroli nzuri na muda wa kuwasha uliopimwa kwa makini. Gari litakalotoka hapo litakuwa na nguvu kuliko wengi wanavyoweza kuitumia kihalali barabarani.

Mwaka 1966 zilitengenezwa Toronado 40,963, na Oldsmobile ilifungwa Aprili 2004. Hakuna kiwanda kitakachotengeneza nyingine. Kwa hiyo namwomba mwenye nayo chini ya turubai uani kwake: usikate sakafu. Na kama umeshang'oa mtambo wa mbele, usiuuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Paka giaboksi mafuta, ufunge mnyororo mahali pakavu, uandike kila boliti ilikotoka, na siku ukiuza gari uviuze pamoja nalo, ili anayekuja baadaye aweze kuvirudisha.