Warefu wa Spurs: Popovich Alivyowapanga Mwaka 2014

Serge Ibaka hakutarajiwa kucheza tena msimu ule. Mzaliwa huyo wa Brazzaville alikuwa ameumia mguu, na San Antonio Spurs wakatumia nafasi hiyo kuifunga Oklahoma City Thunder mara mbili kwenye fainali ya Magharibi ya NBA ya 2014, mara ya pili kwa 112–77. Tony Parker wa Spurs aliingia chini ya kikapu apendavyo. Mchezo wa tatu Ibaka akarudi, njia ikafungwa, na baada ya michezo minne timu zikawa 2–2.

Sifa anastahili Ibaka, lakini Spurs nao walimrahisishia kazi. Walianza na warefu wawili, Tim Duncan na Tiago Splitter, wote futi 6 na inchi 11. Splitter hakuwa mtupaji wa mbali, hivyo aliyemkaba hakuwa na haja ya kumfuata nje. Alibaki karibu na kikapu, na kila aliyepenya alikuta mikono miwili ya ziada inamsubiri.

Mchezo wa tano, kocha Gregg Popovich alimweka Splitter benchi na kuanza na Matt Bonner, mrefu anayejulikana kwa mitupo ya pointi tatu. Bonner hata asipofunga, mlinzi wake hathubutu kumwacha. Akisimama nje ya mstari, mrefu mmoja wa wapinzani anatoka naye, na Duncan anapata nafasi ya kufanya kazi. Spurs walishinda 117–89, kisha wakamaliza kazi katika mchezo wa sita.

Fainali dhidi ya Miami Heat ilileta swali jingine. Mrefu anapoweka skrini, Heat walikuwa wakimrukia mwenye mpira watu wawili. Hapo nyuma wanabaki washambuliaji wanne dhidi ya walinzi watatu, na kila kitu kinategemea uamuzi wa yule anayepokea pasi ya kwanza katikati ya uwanja. Mara nyingi ni mrefu aliyeweka skrini. Akisita, faida imekwisha.

Ndiyo maana kuanzia mchezo wa tatu Popovich alimwanzisha Boris Diaw. Huyu ni Mfaransa aliyeachwa na Charlotte Bobcats mwaka 2012, timu iliyomaliza msimu ule na ushindi 7 kati ya michezo 66. Hakuwa na kasi wala hakuruka juu. Alikuwa na macho. Akipata mpira, tayari alijua nani yuko wazi kwenye kona na nani anakata kuelekea kikapuni. Spurs walifunga pointi 71 nusu ya kwanza, ugenini, wakashinda 111–92. Mchezo uliofuata Diaw alipata pointi 8, ribaundi 9 na pasi 9 za kufunga. Ubingwa ukaja kwa 4–1.

Asije mtu akadhani somo ni kuwaondoa warefu. Mwaka mmoja kabla, mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Heat hao hao, Spurs walikuwa mbele kwa pointi tatu sekunde za mwisho. Duncan, aliyemaliza usiku ule na pointi 30 na ribaundi 17, alikuwa benchi ili kuwapisha wepesi wa kuwakaba watupaji. LeBron James akakosa, Chris Bosh akachukua ribaundi, Ray Allen akasawazisha. Heat walishinda muda wa nyongeza, kisha wakachukua ubingwa katika mchezo wa saba. Mwaka 2014 Duncan alibaki nguzo ya chini. Aliyebadilika ni mwenzake.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu sahihi: mrefu mmoja alinde kikapu, wa pili ama atupe kutoka mbali ama agawe mpira. Kocha wa vijana mwenye mtoto mrefu kuliko wenzake asimfundishe kudaka ribaundi tu. Ampe mpira kwenye mstari wa mitupo huru, amwache atazame na kutoa pasi, na avumilie mipira atakayopoteza miezi ya mwanzo.