Herufi kama Pambo: Leso ya Ntimaru na Mola ya Waguna

Wahakiki wengi wa leso wamezoea kulitenga jina na kitambaa chake. Hulinakili, hulipanga pamoja na methali na mafumbo, kisha huchambua dhamira yake. Pindo na mji huachiwa wafanyabiashara. Utaratibu huu umetoa mikusanyo yenye manufaa. Hata hivyo umejengwa juu ya dhana isiyochunguzwa, kwamba kila avaaye leso huisoma, tena huisoma kama Mswahili wa Mombasa au Unguja.

Ntimaru, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, dhana hiyo hutikisika. Hapa lugha ya nyumbani ni Kikuria. Kiswahili ni lugha ya soko, shule na ofisi. Hata vazi lenyewe lina majina mawili, leso upande wa Kenya na kanga upande wa Tanzania, na Wakuria wako pande zote mbili. Mnunuzi asiyejua kusoma ana mengi ya kupima: rangi, uzito wa pamba, upana wa pindo. Je, mstari wa herufi ulio chini ya mji humwambia nini? Kusema kwamba haumwambii kitu ni jibu la mtu aliyelelewa na vitabu.

Mfano wa kusaidia unapatikana mbali, katika visiwa vya Waguna nchini Panama. Wanawake wa huko hushona mola (jina lisichanganywe na Mola wa Waswahili): vitambaa viwili au zaidi hupandanishwa, cha juu hukatwa, na kingo zake hukunjwa na kushonwa ili rangi ya chini ionekane. Vipande viwili, vinavyokaribiana bila kuwa sawasawa, huwekwa kifuani na mgongoni mwa blauzi. Baadhi ya mola zimechukua michoro ya viberiti na nembo za bidhaa, pamoja na yule mbwa maarufu anayesikiliza gramafoni. Maneno ya Kiingereza au Kihispania huchukuliwa pia, mara nyingine herufi zikiwa zimegeuzwa au kupungua.

Anayeyaita hayo makosa anasahihisha imla mahali pasipo na imla. Herufi iliyogeuzwa hujaza nafasi, huitikia mstari wa jirani, hutuliza rangi. Wala si haki kuyaona kama kasumba. Mwaka 1925 Waguna waliasi dhidi ya serikali ya Panama, na miongoni mwa sababu zao ni jitihada za serikali hiyo za kuyakomesha mavazi ya wanawake wao. Watu waliolipigania vazi kiasi hicho hawakusalimu amri mbele ya kiberiti, walikitwaa kiberiti.

Pwani nako alama ya biashara imeingia katika sanaa, ila kwa mlango mwingine. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, alichapisha juu ya leso zake alama ya K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”. Maneno hayo si methali wala fumbo, na mkusanyaji wa majina huyaruka. Lakini ni maandishi, yamo ndani ya kitambaa, na humthibitishia mnunuzi ubora hata kama anayatambua kwa umbo tu.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Mshonaji wa Kiguna huikata herufi kwa mkono wake. Leso hutoka kiwandani imekwisha kusema, na uhuru wa mama wa Ntimaru huanzia dukani, katika kuchagua, kutunuku na kufunga. Uhuru huo ni mdogo kuliko wa mshonaji, lakini ni mpana kuliko nadharia ya jina inavyokubali. Leso inapofungwa kiunoni, nusu ya jina humezwa na mikunjo. Inapochakaa hupasuliwa, ikawa nepi au kata ya kubebea mtungi, na neno hukatika katikati. Mikusanyo ya majina haina ukurasa wa kipande kama hicho.